Nyuzi za Shemeji

Nilikwenda kumchukua dada yangu, sikwenda kutembea. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu njia nzima abiria wenzangu walikuwa wakiniuliza kama nami nakwenda kutazama mji ulioanguka, kana kwamba mji ni maiti iliyolazwa sebuleni watu waje kuaga. Mimi ni fundi cherehani. Niliacha sare za shule nzima hazijatiwa vifungo ili nikamtoe dada kwenye nyumba yenye ufa kabla mvua hazijaanza. Basi, ni hilo tu.

Mji wenyewe sasa, loo! Haukuwa na habari kwamba umeanguka. Lango kuu la kale lilikuwa limeegemezwa magogo kila upande lisidondoke, na kwenye misumari ya magogo hayo mama mmoja alikuwa ametundika viatu vya kuuza. Waashi wanagonga, redio zinagombana, watu wanapishana juu ya vifusi na mizigo kichwani huku wakitaniana. Kulikuwa na mwongoza wageni mmoja, kijana mtanashati, anatangulia na kundi lake la watalii. Zamani alikuwa akionyesha nakshi za milango. Milango mingi haipo tena, kwa hiyo anaonyesha nyufa. "Na huu hapa," alisema kwa majivuno, "ndio ufa mrefu kuliko yote." Nilicheka peke yangu barabarani, halafu nikaona aibu kucheka.

Dada yangu ni dobi. Nilimkuta chumba cha mbele, amesimama nyuma ya meza ya pasi, na nguo za wateja zimening'inia kwenye bomba kutoka ukuta hadi ukuta. Nje, wakaguzi walikuwa wamepaka alama ya manjano: chumba cha mbele kinafaa, cha nyuma asiingie mtu. Kwa hiyo anafanya kazi hapo, anapika hapo, analala hapo hapo chini ya mashati ya watu.

"Sindano!" alisema aliponiona. Hilo ndilo jina langu kwake tangu utotoni, kwa sababu ya mdomo wangu. "Mbona umekonda hivyo?"

"Sijakonda. Wewe umezoea kutazama mashuka."

Alicheka, akanikumbatia, na nikahisi mifupa yake mgongoni. Shemeji, mumewe, alikuwa amepeleka nguo za wateja sokoni siku ile ya tetemeko. Soko lilikuwa chini ya matao ya mawe, ya tangu enzi za mababu, na matao yakaporomoka yote. Kuna waliotolewa, na kuna ambao hawajatolewa mpaka leo. Shemeji ni mmoja wa hao. Dada hasemi amekufa. Anasema "hajaonekana," kama mtu anayezungumzia funguo.

Sikuzungusha maneno. Nilimwambia nimekuja kumchukua, chumba chake kiko tayari.

"Nitakuja," alisema, mpaka nikashangaa. "Ila nguo za watu ziishe kwanza. Nguo ya mtu ni amana, mdogo wangu. Siwezi kufunga mlango na nguo za watu zinaning'inia humu. Nguo ya mwisho ikichukuliwa, tunaondoka."

"Unaahidi?"

"Ahadi ni deni."

Haya. Nilijua la kufanya. Mchana ule alipotoka kwenda kupanga foleni ya maji, maana mabomba ya mtaa yalikuwa bado yamekatika, nikaanza kuzitazama zile nguo. Tetemeko lilikuwa limeangusha bomba lote chini, na nyingi zilikuwa na mipasuko, vifungo vimeng'oka, mapindo yamefumuka. Nikajisemea, mteja akikuta nguo yake imeshonwa vizuri atakuja mbio, na atawaambia wengine. Nikatoa sindano na mkasi. Sasa, ndani ya kila kola na kila kiuno cha suruali kulikuwa na uzi unaning'inia. Mwekundu, wa kijani, wa bluu, mwingine una fundo moja, mwingine mafundo matatu. Jamani, uzi unaoning'inia mbele ya fundi cherehani ni kama makombo mezani mbele ya mama mkwe. Mkono wangu haukuniomba ruhusa. Nikawa nakata huku naimba.

Dada aliporudi na ndoo zake, nilikuwa nimemaliza bomba zima. Nikamwonyesha kirundo cha nyuzi mezani nikitegemea asante.

Aliweka ndoo chini polepole. Akashika kola moja, akaipindua. Akashika nyingine. Akaendelea hivyo mpaka mwisho wa bomba.

"Umefanya nini, Sindano?"

"Nimezisafisha. Mbona mmeacha nyuzi kama..."

"Zile ndizo alama," alisema. "Rangi ni mtaa. Mafundo ni mlango. Hatuandiki sisi, hatujawahi kuandika. Kila nguo ikiingia, yeye anafunga uzi, anafua, mimi napiga pasi." Akakaa sakafuni. "Mikono yake ndiyo iliyofunga zile nyuzi. Zote. Umezikata zote."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Halafu nikakumbuka niko mji gani, nikaifuta hiyo dua haraka.

Nikamwuliza kama hazijui nguo kwa macho. Akasema gauni analijua, koti analijua, lakini shati jeupe ni shati jeupe, na suruali nyeusi ziko tele. Kisha akaniambia nitoke mbele ya macho yake. Nilitoka, nikakaa kibarazani, nikalia kama mtoto aliyevunja chungu. Mama mwokaji, jirani wa nyumba ya pili, mwanamke mpana mwenye unga mpaka kwenye nyusi, akaniuliza kulikoni. Nikamwambia yote, sikujitetea.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema. "Lakini nguo si maji. Zitundikeni nje kesho. Mtu haisahau nguo yake hata akisahau mkewe."

Basi asubuhi tukafunga kamba kuvuka mtaa, kutoka msumari hadi msumari. Dada ananipa nguo bila kunitazama, natundika. Katikati ya mashati meupe nikashika shati moja la bluu mpauko, ambalo jana yake nilikuwa nimeligusa kola tu, na vidole vikalijua kabla ya macho. Nililishona mimi. Mfuko wa kifuani nilikuwa nimeutia kina kirefu, kwa sababu mwenyewe alizoea kuwekamo miwani na kila akiinama inadondoka. Ni shati la shemeji.

Nikamtazama dada. Akageuka, akajifanya anatafuta vibanio.

Hapo ndipo nilipoelewa ahadi niliyopewa ilikuwa ya namna gani. Nguo ya mwisho haikuwa na wa kuijia. Alikuwa amenipa siku ambayo haifiki, na mimi nikaipokea kwa furaha. Sikumkasirikia. Nilimwonea huruma, nikalitundika lile shati mwisho kabisa wa kamba.

Watu wakaja. Sijui nani alimwambia nani, lakini walikuja mtaa mzima, na mitaa mingine, hata waliokuwa wanalala kwenye mahema uwanjani. Mwongoza wageni alikuja na watalii wake, akaikuta suruali yake nyeupe, lakini mzee mmoja mwenye kitambi alikuwa ameshaikamata mguu wa pili akidai ni yake. Wakavutana.

"Ivae basi!" mama mwokaji akamwambia mzee. "Ikifunga kifungo ni yako, na mkate wa leo bure."

Mtaa mzima ukaangua kicheko, na mzee mwenyewe akacheka, akaiachia, akasema hata yeye alikuwa na wasiwasi nayo. Watalii walipiga makofi bila kujua wanapigia nini.

Halafu akaja mwalimu mstaafu wa mtaani. Wote wakampisha. "Shikamoo mwalimu," dada akasema. Aliitikia, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye gauni moja la maua, akalitoa kwenye vibanio. La marehemu mkewe. Alilikunja vizuri, akalitia kwapani, akamshukuru dada kwa kulipiga pasi, akaenda zake. Watu walimtazama mpaka alipopinda kona.

Na kila aliyeondoka na nguo safi aliuliza swali lile lile: "Mama Dobi, na hizi je?" Akaacha kizingitini fungu la nguo zenye vumbi la kifusi. Mashuka, mapazia, sare za kazi. Nilikuwa nayaona mafungu yanapanda na moyo wangu unashuka.

Alasiri kamba ilikuwa tupu, isipokuwa lile shati la bluu. Mwashi mmoja, mgeni kwa dada, alikuwa amesimama mbele ya shati hilo. Watu walisema nyumba yake ilishuka na kila kitu, alibaki na nguo ya mwilini. Akauliza kwa adabu tu, "Mama, samahani. Kama hili halina mwenyewe..."

"Lina mwenyewe," dada akasema.

Majirani wengi walikuwa wanalijua lile shati. Mama mwokaji alijifuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na kitu.

"Lina mwenyewe," dada akarudia. "Ni mume wangu." Akavuta pumzi. "Mwenyewe amekufa."

Akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, bila kujifunika uso, na mimi nikamshika. Hakuna aliyeondoka. Walisimama pale pale na nguo zao mikononi, wengine wakilia wa kwao. Mwashi alilitoa shati kwenye kamba mwenyewe, akampa dada kwa mikono miwili.

"Hili simpi mtu," dada akamwambia. "Nisamehe, mwanangu."

"Pole, mama. Pole sana."

Alipotulia alinawa uso, akalikunja shati, akaniangalia. Macho yamevimba, lakini yalikuwa yananitazama mimi, si ukuta. "Nguo zimekwisha," alisema. "Nilikuahidi. Kakate tiketi."

Nataka niseme ukweli. Nilitaka kwenda mbio. Nyumbani kwangu kuna chumba nimekipaka chokaa kwa mikono yangu, na kuna meza ninayokula peke yangu siku zote, naongea na cherehani. Nilimtaka dada yangu. Sikuja kwa ajili ya ufa peke yake.

"Na hizo?" nikamwuliza, nikionyesha mafungu.

"Watatafuta dobi mwingine."

"Dada, wewe unataka kuondoka?"

Aliyatazama mafungu. Nadhani hakuna aliyekuwa amemwuliza hilo, hata mimi mwenyewe sikuwa nimemwuliza kabla. "Hapana," akasema. "Sitaki, mdogo wangu. Hata kidogo."

"Na mvua?"

"Ukuta wa nyuma nitauegemeza magogo kesho," mwashi akadakia. "Nimeutazama. Unashikika."

"Na usiku atalala kwangu," mama mwokaji akasema. "Penye tanuri hakuna baridi. Ila anakoroma, hilo nalijua, nasikia ukutani."

"Nani anakoroma?" dada akaja juu, na watu wakacheka, naye akacheka na kamasi zake.

"Basi ahadi nimekusamehe," nilimwambia. Maneno hayo yalinitoka kwa shida kuliko yoyote niliyowahi kusema, na mimi si mtu wa kukosa maneno. Dada alinishika shavu. Nikachukua ndoo mbili nikaenda kupanga foleni ya maji ya kufulia, nikilia njia nzima, na kila aliyeniuliza nilimwambia ni vumbi.