Mkono wa Kushoto wa Kun-shan

Kosa la Kun-shan lilianzia kwenye fomu. Miaka kumi na minane iliyopita, figo zilipogoma, daktari alimwona akitia sahihi kwa mkono wa kulia, basi akamuunganishia mshipa wa kusafishia damu kwenye wa kushoto, akidhani ndio usio na kazi. Kumbe Kun-shan ni mashoto. Mwalimu wa darasa la kwanza alimchapa rula mpaka akaandika kama wenzake, lakini kisu na vijiti vya chakula vilibaki kushoto. Na kazi yake ni kukata nyama ya supu hapo mjini Tainan! Aliona haya kumsahihisha daktari, akanyamaza. Haya gani hizo, jamani?

Mkono wenye mshipa huo haufanyishwi kazi nzito. Akajifunza kukatia wa kulia, vipande vikatoka vinene, wateja wakamtania: "Kun-shan, leo unatuuzia soli za viatu?"

Jumapili moja asubuhi aligusa mkono, akakuta ule mtetemo wa damu chini ya ngozi umekatika. Mshipa umeziba. Angewahi hospitali, ungezibuliwa. Hakwenda. Tusidanganyane, alifurahi: huu ukifa watahamia kulia, naye atarudishiwa mkono wake.

Jumanne, siku ya kusafishwa damu, mkewe Hsiu-luan alimshika mkono wakitoka nyumbani kwenda hospitali.

"Mbona kimya humu? Tangu lini?"

"Juzi."

"Juzi! Mzee, unataka kuniacha mjane kwa sababu ya kisu?"

"Nataka mkono wangu. Basi."

Daktari Yen alijaribu kuzibua, akashindwa. Akampachika mrija wa muda shingoni, kisha akaupima mkono wa kulia kwa muda mrefu.

"Mjomba, huku hakuna kitu. Miaka yote tumekutoa damu na kukutundikia dripu huku, tukiulinda wa kushoto. Mishipa imekwisha."

"Kwa hiyo?"

"Tunarudi kushoto, juu ya kiwiko. Tutaweka mrija wa plastiki, Jumanne ijayo."

"Utadumu kama ule?"

"Miaka miwili. Mitatu, ukibahatika."

"Halafu?"

Daktari aliandika tarehe kwenye kadi yake. Kun-shan alijiona mjinga, akaogopa kweli.

Kesho yake, maadamu mshipa wa zamani ulishakufa, alishika kisu kwa mkono wa kushoto. Nyama ikatoka nyembamba, ikaiva palepale ilipomwagiwa supu ya moto. Mteja mmoja akainua kichwa kutoka kwenye bakuli.

"Mama, mmeajiri mkata nyama mpya?"

"Ndiyo," Hsiu-luan akasema, machozi yakimtoka. "Yupo mpaka Jumanne."