Hodhi Lililouawa kwa Nia Njema

Nchi ya Shakani ilipakana na milima ya Labda upande wa kaskazini na mto Huenda upande wa kusini, na watu wake walikuwa wakarimu kwa kila kitu ila imani. Hawakuwa wachoyo wa chakula, wala wa salamu, wala wa machozi ya mazishini. Lakini ungemwomba Mshakani akuamini japo kwa muda wa kupiga chafya, angekutazama mikono kwanza. Mtoto wao alifundishwa kusema "nani?" kabla ya kufundishwa kusema "karibu". Mji mkuu uliitwa Kisogoni, na kwa hakika mengi yaliyosemwa humo yalisemwa mtu akishageuka.

Kila nyumba ya heshima mjini humo iliweka sebuleni hodhi la kioo lililojaa maji ya bahari, na ndani yake matumbawe hai, samaki wa rangi, kamba na konokono. Kinu cha upepo kilichofungwa paani kiliyavuruga maji yasilale. Hodhi lilikuwa uso wa nyumba. Matumbawe yakinawiri, mwenyeji alihesabiwa mwema. Yakipauka, basi hasidi kaingia. Na ili kila aingiaye ajivue tuhuma, paliwekwa desturi kongwe kuliko kuta za mji: kando ya hodhi kulikuwa na kibakuli cha dagaa waliosagwa, na unga ule uliitwa nia. Mgeni, kabla hajakaa, alichota kidogo kwa vidole akaunyunyiza majini. Asiyefanya hivyo alikuwa adui, na hapakuwa na rufani. Watu wa nchi nyingine hutia nia moyoni. Washakani, maskini ya Mungu, waliitia majini.

Katika mtaa wa Chungulia aliishi Bwana Makisio, mpimaji wa mipaka ya mashamba, mtu mpole aliyemwoa Bi Yakini kutoka Aminia, ng'ambo ya mto. Alimpenda mkewe kwa moyo wote, akamlinda kwa jicho moja. Jicho hilo moja ndilo lililomponza.

Hodhi lake, lililokuwa likisifiwa hata na wasiomsifu, lilianza kuugua. Tumbawe la zambarau lilijikunja likakataa kufunguka, mwani ukatanda juu ya mawe kama uji uliomwagika, na harufu ikaanza kuwapokea wageni kabla ya mwenyeji. Makisio hakujiuliza maji yana nini. Alijiuliza nani.

Kwanza alimshuku mchukuzi wa maji. Akamfukuza kwa maneno ambayo sitayarudia, akamwaga maji yote ya hodhi na kujaza mapya kwa siku moja. Na samaki waliokuwa wamestahimili ugonjwa wakafa kwa dawa. Kisha akawashuku konokono. "Kiumbe ajifichaye mchana akatembea usiku ana siri," alisema, akawatupa jalalani wote, nao ndio waliokuwa wakila masalio ya chakula chini ya mawe. Kisha mama yake, Bi Nongwa, ambaye jina lake lilimkaa kama kanga iliyofuliwa, akatumbukiza hirizi ya shaba katika hodhi. Shaba ni sumu kwa kamba, na kulipokucha wote walikuwa chali.

"Umeona?" alisema Bi Nongwa, akiwa na furaha asiyoweza kuificha. "Uchawi umejibu! Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Tazama ndani ya nyumba."

Habari haikulala. Na kwa kuwa hodhi la Makisio linaumwa, kila mtu mtaani aliona aende akajitakase mapema. Jirani yao Bwana Sengenya, aliyezoea kuja Ijumaa kwa Ijumaa, sasa alikuja asubuhi na jioni, na badala ya kuchota kwa vidole alichota kwa kiganja. "Jirani," alisema akijipangusa, "nisije nikadhaniwa." Wakaja wengine, wakaja na wake zao, wakaja hata waliokuwa hawasalimiani na Makisio. Hodhi likazidi kuumwa, tuhuma ikazidi, na wageni wakazidi kutia nia.

Bi Yakini aliyatazama hayo kwa muda, kisha akamwendea mumewe kwa adabu. "Mume wangu, maji haya yananuka chakula kilichochacha. Tuwaombe watu wapunguze nia."

"Wapunguze nia!" Makisio alishtuka akatazama mlangoni. "Yakini, maneno gani hayo? Ukisikiwa je?"

"Nikisikiwa nitakuwa nimesema kweli."

Makisio alikwenda akafunga mlango. Lakini usemi ule ulimwingia kama mwiba wa samaki, na kwa siku nyingi alimeza chakula kwa shida. Mtu mwema ataogopaje nia njema? Lisemwalo lipo, Washakani husema, na kama halipo li njiani laja.

Adhuhuri moja alirudi nyumbani kabla ya saa yake, kama ilivyo ada ya waume wa nchi ile. Alimkuta mkewe amekunja mkono wa kanzu hadi begani, mkono umo hodhini, na kiganjani ana tope jeusi linalotiririka.

"Unatoa nini humo?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe ilimtisha.

"Natoa nia za watu, mume wangu. Zimeoza."

Bi Nongwa alikuwa nyuma ya pazia, na angekuwa wapi tena? Akapiga ukelele uliojaza mtaa. Kwani katika Shakani mkono utiao ni mkono wa rafiki, na mkono utoao ni mkono wa mchawi. Na mchawi wa hodhi hupewa talaka, huvushwa mto Huenda, na jina lake halitajwi tena hata na watoto aliowazaa. Makisio angeweza kusema neno. Alinyamaza, na mkewe aliusikia ukimya ule kuliko ukelele.

Kesi ikaenda mbele ya Kadhi Tahadhari, aliyeketi daima ameegemea ukuta ili asiwe na mtu nyuma yake. Barazani pake kulikuwa na hodhi la serikali, safi, zuri ajabu, na kila shahidi aliapa kwa kutia chembe ya nia humo.

"Mshtakiwa," alisema Kadhi, "una ombi kabla hatujasikiliza?"

"Ninalo, Bwana Kadhi. Chota maji ya hodhi lako na ukate matumbawe yake na utoe samaki wachache, uviweke vyote katika hodhi la pili. Lifunike kwa wavu na ulitie muhuri wako. Walishwe samaki wake kidogo, kwa mkono wako tu. Mashahidi waapie hili la kwanza. Lile la pili asiliguse mtu, hata mimi. Hukumu yako ingoje mwezi uandame."

Baraza likanong'ona kwamba ni hila. Lakini Kadhi alipendezwa. Tangu avae kilemba, lile lilikuwa ombi la kwanza lililomtaka asimwamini mtu yeyote.

Mashahidi wakaja. Kwa kuwa jambo lilikuwa zito, waliapa kwa uzito. Bwana Sengenya aliapa mara ya pili kwa kuhofia ya kwanza haikuonekana. Bi Nongwa alitia konzi nzima, akakung'uta na vidole. Hata watazamaji waliomba kuapa, ili wasionekane wamenyamaza. Mwisho akaitwa Makisio. Alisimama mbele ya hodhi, akachota. Mkewe alikuwa akimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma. Kisha akanyunyiza, akasema aliyoyaona, wala hakusema asiloliona, yaani kosa.

Mwezi ulipoandama baraza lilijaa, na waliokaa mbele walijuta. Hodhi la kiapo lilikuwa na maji ya rangi ya maziwa. Samaki walikuwa juu wakigombea hewa, na matumbawe yamekuwa meupe pe. Kadhi aliziba pua kwa ncha ya kilemba. Kisha akavunja muhuri, akafunua wavu: hodhi la pili lilikuwa linang'aa, na matumbawe yake yamefunguka wazi.

"Nani ametia mkono humu?" aliuliza Kadhi, akionyesha hodhi lililokufa.

Hapakuwa na wa kujibu, maana hapakuwa na ambaye hakutia.

"Basi hodhi hili limeuawa," alisema Kadhi, "na wauaji ni mashahidi. Kila mmoja alileta kidogo ili asishukiwe, na kidogo cha wote ndicho sumu. Bi Yakini yu huru. Na kuanzia leo, vibakuli vya nia vifudikizwe katika nchi hii yote."

Makisio alilia mbele za watu, na hakujali nani anamtazama. "Twende nyumbani, mke wangu," alisema.

"Mume wangu, hodhi ulilimwaga lote kwa siku moja, ukaona yaliyotokea," alijibu Bi Yakini. "Maji yaliyoharibika hubadilishwa kwa kata, hayabadilishwi kwa mtungi. Nakwenda kwa wazazi wangu. Nitakuja kukutembelea, na nikiona pa kukaa, nitakaa."

Makisio akafanya kazi. Aliitoa hirizi ya shaba, akamwomba radhi mchukuzi wa maji, akaleta konokono wapya, akabadilisha maji kata kwa kata, akiteka ya zamani kidogo na kutia mapya kidogo. Bi Nongwa alipofoka, alimsikiliza kwa heshima akaendelea kuteka. Tumbawe la zambarau likafunguka. Maji yakawa safi hata mtu angedhani hodhi ni tupu.

Siku Bi Yakini alipokuja, kibakuli kilikuwa kimefudikizwa na kahawa iko tayari. Makisio alikuwa ameapa moyoni kutomshuku tena, na kiapo chake kilikuwa cha kweli. Bi Yakini aliingia, akasalimu, akapita kando ya hodhi mikono mitupu, akielekea mahali pake pa zamani.

Na Makisio, bila kutaka, kwa muda usiotosha hata kupepesa, alimtazama vidole.

Bi Yakini alisimama. Alimtazama mumewe, kisha akayatazama maji.

"Hodhi limepona," alisema kwa upole, akajitanda mtandio wake.

Makisio alibaki amekaa upande wa pili wa kioo. Maji yalikuwa safi mno, hata alimwona waziwazi mpaka langoni.