Rangi ya Kucha Kwenye Nati

Gari lilikaa nyuma ya nyumba miaka mingi chini ya turubai, na hakuna aliyethubutu kulisogelea. Lilikuwa gari la spoti la zamani, viti viwili tu, pua ndefu, makalio mafupi, liko chini kiasi kwamba kuku wa jirani walilipanda bila kuhangaika. Enzi zake likipita mtaani watu waliacha vijiko sahanini wakatoka kulichungulia. Sasa ile pua ya maringo ilikuwa imekunjamana mpaka karibu na kioo, na kila mtu wa nyumba ile alijua kwa nini. Ndilo lililomuua mama.

Hadithi ya ajali ilikuwa fupi, na haikutaka maswali. Baba aliendesha, mama alikaa kando yake, wakateremka mlima wa kwenda mjini, breki zikakataa, gari likabamiza ukuta wa daraja. Breki zilikataa kwa sababu paipu ya mafuta yake ilichomoka gurudumuni. Paipu ilichomoka kwa sababu nati yake haikukazwa. Na aliyetakiwa kuikaza alikuwa baba mdogo, ndugu wa baba wa tumbo moja, fundi aliyelihudumia gari lile jioni iliyotangulia. Basi, kesi ikaishia hapo. Ukoo mzima ukamtupa jongoo na mti wake. Naye hakubishana, hakujitetea, hata sauti hakupandisha. Aliuza spana zake zote, akahamia upande wa pili wa mji, akawa dobi. Alipiga pasi mashati ya watu kibarazani, na popote alipokwenda alikwenda kwa miguu.

Binti wa nyumba ile, waliyekuwa wakimwita Spana, hakulisahau hilo hata siku moja. Jina lenyewe alipewa na huyo huyo baba mdogo, maana utotoni wenzake walibeba wanasesere, yeye alibeba spana. Alikua nalo, mwisho akawa fundi wa kunyoosha bodi za magari, jambo lililomkera baba yake kupita maelezo.

"Magari yamemla mama yako," baba alimwambia, "na wewe unakwenda kuyabembeleza."

Spana akaenda zake gereji. Kichwa kigumu hakukiokota barabarani, alikirithi pale pale.

Mpango wake alikuwa nao kifuani siku nyingi. Angelifufua lile gari. Bodi angeinyoosha, kutu angeikata, na breki angeweka za kisasa, za diski, mbele na nyuma, ili asibaki mtu wa kusema neno breki ndani ya nyumba ile. Injini ndiyo angeiacha mwisho, kwa makusudi. Injini ile ilikuwa na kabureta mbili zenye kiburi, na mtu pekee aliyewahi kuzielewa ni baba mdogo. Basi angemwita. Kaka na mdogo wake wangeinamia injini moja, na wanaume wakishainamia injini, jamani, hawawezi kunyamaza. Alimtaka baba mdogo arudi nyumbani. Gari lilikuwa kisingizio tu.

Alipomwomba baba ruhusa, mzee aliangalia ukuta. Alikuwa mrefu mno, mtaani wakimwita Mlingoti, na uzeeni urefu ule ulikuwa umempinda mabega.

"Fanya unavyotaka," alisema mwishowe. "Lakini yule akikanyaga hapa, mimi natoka. Na zile breki usizifungue. Kata kila kilichoko huko chini, katupe, weka kipya."

"Siwezi kukata tu, baba. Lazima nifungue ndipo nijue diski nitazishikiza wapi."

"Nimesema usizifungue! Zina mkosi."

Mkosi! Spana alicheka kidogo, baba hakucheka.

Kazi ikaanza. Kila akitoka gereji alivaa tena ovaroli yake chakavu, akaingia nyuma ya nyumba. Alivuta ile pua kwa mnyororo na jeki, taratibu, mpaka chuma kikakubali. Akakata sakafu iliyoliwa na kutu, akachomelea bati jipya, akaziba mabonde kwa puti, akasugua msasa mpaka vidole vikafa ganzi. Kiti cha dereva ndicho kilichomtoa jasho. Kilikuwa kimesogezwa mbele mpaka mwisho na kuganda kwa kutu kwenye reli zake. Spana mwenyewe hakuwa mrefu wa kutisha, lakini alipojaribu kukikalia magoti yaligota usukani. Alijisemea kwamba ni ajali iliyokisukuma, akakigonga nyundo mpaka kikatoka, akakiweka kando ukutani. Akasahau.

Zikafika breki. Ilikuwa alasiri, baba amejilaza chumbani. Spana aliliinua gari kwa jeki, akatoa tairi la mbele, akalala chini mgongoni. Nyuma ya gurudumu kulikuwa na tope kavu na grisi iliyoshikana kama ugali wa jana. Akachovya brashi kwenye mafuta ya taa, akasugua mahali paipu ya breki inapoingilia, pale pale palipomuua mama yake. Alitarajia kukuta tundu tupu.

Paipu ilikuwa mahali pake. Nati ilikuwa mahali pake. Na juu ya nati, brashi ilipopita mara ya pili, ukajitokeza mstari mwembamba mwekundu.

Aliujua mstari ule. Baba mdogo alikuwa na desturi yake: kila nati aliyoikaza aliichora mstari wa rangi, kuanzia kwenye nati yenyewe hadi kwenye chuma inaposhikia. Nati ikilegea hata chembe, mstari unakatika katikati, vipande viwili haviangaliani tena, na fundi anajua kwa kutazama tu. Rangi yenyewe ilikuwa rangi ya kucha ya mama. "Shemeji, niazime urembo wako nilipambe gari," alikuwa akisema, na mama akimfukuza na upawa, "Chupa ya ngapi hii, wewe mwanaume!" halafu anampa. Spana alikuwa amelala chini ya gari, na alisikia kicheko cha mama yake waziwazi mpaka akafumba macho.

Aliufuata mstari kwa kidole. Ulikuwa mzima, umenyooka, haukukatika popote.

Akainuka akaenda gurudumu la pili, la tatu, la nne. Mistari yote mizima. Akafungua dramu za magurudumu, akakuta vitambaa vya breki bado vinene, vimetumika kidogo tu. Akafuata paipu hatua kwa hatua mpaka kwenye silinda ya breki, mpaka kwenye kanyagio. Hakuna kilichochomoka, hakuna kilichopasuka. Ndipo macho yake yalipokiangukia kile kiti alichokiegemeza ukutani, na akakumbuka kimo cha mama yake, mwanamke aliyepanda kigoda hata kufikia sufuria za rafu ya juu.

Alimkuta baba sebuleni, ameamka, anapuliza chai.

"Baba," alisema akiwa amesimama mlangoni, mikono imejaa grisi, "ulipokuwa ukikalia kile kiti, miguu yako hii ulikuwa unaiweka wapi?"

Mzee alishusha kikombe. Hakuuliza kiti gani.

"Nilikuambia usizifungue," alisema kwa sauti ndogo.

"Nani alikuwa anaendesha?"

Yule mtu mrefu akaanza kulia, kulia kwa ovyo, bila hata kujifuta, na Spana hakumsogelea. Alikuwa na hasira, nayo hasira ile ilikuwa haki yake.

"Alitaka kujifunza," baba alisema. "Kila siku, nifundishe, nifundishe. Siku ile nikampa usukani. Alikuwa anacheka, Spana. Tulipofika mteremkoni akachanganyikiwa, badala ya kukanyaga breki akakanyaga mafuta. Nikampigia kelele achia, achia! Ndiyo kwanza akazidi kukanyaga. Watu walipofika nilikuwa nimeshamtoa, tuko wote majanini. Wajomba zako wakaniuliza nani alikuwa anaendesha. Ningesemaje? Niseme marehemu amejimaliza kwa mguu wake mwenyewe? Niseme mimi ndiye niliyempa, mtu asiyejua hata kugeuza? Nikasema mimi. Wakauliza, sasa imekuwaje? Nikasema breki. Neno lilinitoka tu."

"Na baba mdogo?"

"Nilijua atakataa. Angekataa, labda ningesema ukweli, sijui. Hakukataa. Alikuja akapiga magoti pale pale ulipo. Akasema, kaka, nimewaza sana, inawezekana sikukaza. Inawezekana nilisahau." Mzee alishika kichwa. "Nikamwachia."

"Ulimwachia nini?"

"Nilimwachia aubebe uongo wangu."

Spana alitaka kutukana, matusi yakakosekana. Alitaka kumhurumia pia, na huruma ikaja nusu tu, ikaishia njiani. Alimwambia ajiandae, kwamba anakwenda kumleta mdogo wake na kwamba atamwambia yote.

"Nenda," baba alisema. "Mimi uso wa kumwendea sina. Lakini akija nitamwomba radhi. Nitalala chini akitaka."

Spana alirudi kwenye gari. Hakuthubutu kulegeza nati ile, asije akaukata ule mstari kwa mkono wake mwenyewe. Alikata paipu juu yake kwa msumeno, akatoa kipande kizima cha bati la gurudumu, na nati na alama yake, akakifunga kwenye kitambaa safi, akaondoka.

Baba mdogo alikuwa kibarazani kwake, amesimama mbele ya meza ya pasi, mashati yametundikwa nyuma yake. Alikuwa amezeeka haraka kuliko kaka yake. Huko nyuma Spana alipomfuata alimjibu macho chini, akasingizia kazi nyingi. Safari hii alipomwona amekuja na macho mekundu, aliiweka pasi wima.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, baba mdogo. Shikamoo."

"Marahaba." Hakuonekana kuamini.

Spana aliweka kifurushi mezani, juu ya shati la mtu, akakifungua. Dobi alikitambua kile chuma kabla kitambaa hakijaisha kufunuka, akarudi nyuma mpaka mashati yakamfunika mabega.

"Ondoa," alisema. "Nakuomba, mwanangu, ondoa."

"Tazama alama."

"Siwezi."

"Baba mdogo, tazama tu. Nimetoka nayo mbali."

Alitazama. Kisha akavaa miwani akatazama tena, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa chuma. Alipitisha kidole gumba juu ya ule mstari, akaenda, akarudi.

"Mimi kila nikilala naikaza hii nati," alisema. "Kila siku ya Mungu. Safari nyingine inakazika. Safari nyingine inazunguka tu, inazunguka, haishiki."

"Ulikuwa umekaza. Zote nne. Hazikulegea hata moja."

"Nilikuwa nimekaza," alirudia. Akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyesahau kinavyochekwa, na machozi yakampita chini ya miwani. "Kumbe mkono wangu ulikuwa mzima! Kumbe nilikuwa fundi, Spana!"

Spana alimshika mkono, naye akalia kwa furaha, na kwa muda ule mfupi aliamini mpango wake umefaulu. Alimsimulia yote: kiti, kanyagio, mama na kicheko chake. Baba mdogo alisikiliza akitikisa kichwa, akisema masikini shemeji, masikini shemeji. Alipomaliza, dobi alivua miwani akaifuta na pindo la shati lake.

"Na kaka amejua leo? Ulipofungua?"

Spana angeweza kusema ndiyo. Uongo ulikuwa tayari ulimini, mtamu, ungefungua mlango siku ile ile. Lakini ukoo ule ulikuwa umeishi juu ya uongo mmoja muda wote huo, na matunda yake yalikuwa yamesimama mbele yake yakinuka mvuke wa pasi.

"Alijua tangu siku ile," alisema.

Baba mdogo alikunja kitambaa juu ya kile chuma, pembe moja baada ya nyingine, kwa uangalifu wa mtu anayekunja nguo za watu, akamrudishia.

"Afadhali nati ingelegea," alisema. "Ningekuwa nimempoteza shemeji tu."

"Yupo anakusubiri, baba mdogo. Anataka kukuomba radhi."

"Rudi nyumbani, mwanangu. Mwenye shati hili anakuja kulichukua jioni."

Akachukua pasi, akaendelea pale alipoishia. Spana akaondoka, kifurushi kifuani.

Nyumbani alimkuta baba nyuma ya nyumba, amenyoa ndevu, amevaa shati safi lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Alikuwa ametoa viti viwili vya sebuleni, akaviweka kando ya gari, vinatazamana. Kimoja alikuwa amekikalia. Aliinuka nusu, akachungulia nyuma ya mabega ya binti yake, kuelekea njiani.

"Yuko nyuma?"

"Hapana, baba."

Mzee aliendelea kuchungulia.

"Sasa injini," aliuliza, "ataitengeneza nani?"

Spana alikichukua kile kiti cha pili, akakirudisha ndani.