Wimbo wa Shuka

Shangazi hakuzijua nyimbo za bendi ya Radi Kavu kwa majina. Alizijua kwa nguo. Kulikuwa na wimbo wa shati, maana ukianza redioni naye akaweka shati mezani, vinakwisha pamoja. Kulikuwa na wa suruali, na wa leso, ule wa mbiombio. Na kulikuwa na ule mrefu kuliko zote, wenye gitaa linalolia peke yake katikati mpaka unadhani mpigaji amesahau kurudi nyumbani. Huo ndio wimbo wa shuka.

Alikuwa mpiga pasi katika dobi moja kubwa, na mtoto wa kaka yake, msichana waliyembandika jina la Kimya, alikunja nguo meza ya pili. Kimya muziki wa roki haukumwingia. Kwake ulikuwa mabati yanayoburutwa barabarani. Lakini siku redio ilipotangaza kwamba Radi Kavu watapiga kwenye tamasha, tena hapo hapo mjini, alimwona shangazi yake akipiga pasi shati lilelile mara mbili bila kujijua. Akajua lazima waende.

Tiketi walizikata mapema. Kilichowakwamisha ni mashuka ya hoteli, yaliyoingia asubuhi ileile ya tamasha. Mama mwenye dobi akasema mmoja anaweza kuondoka, na huyo mmoja hawezi kuwa mpiga pasi.

"Nenda wewe," shangazi akamwambia. "Radi Kavu ndio wa kufunga, jioni. Nitakukuta. Kazi yako ni moja tu, unishikie nafasi mbele kabisa, kwenye uzio. Nataka kuviona vidole vya Mrefu."

Mrefu ndiye mpiga gitaa. Jina hilo alipewa na shangazi mwenyewe, kwa sababu ya picha ya gazeti iliyobandikwa ukutani juu ya meza yake: mtu kasimama kapanua miguu, kaijaza karatasi nzima.

"Na wakinisukuma?"

"Usisogee. Mtu akikwambia samahani dada, na wewe mwambie samahani, halafu ubaki palepale. Na usinywe maji mengi."

Kimya alifika uwanjani watu wakiwa bado wa kuhesabika. Akashika chuma cha uzio, na upande wake wa kulia akatandika chini shuka kuukuu, pawe pa shangazi. Watu wakajaa. Kushoto kwake akasimama fundi wa pikipiki, mpana kama kabati, fulana imeandikwa Radi Kavu kifuani na ina grisi mgongoni.

"Dada, hapo unamwekea nani?"

"Shangazi yangu."

"Yuko wapi?"

"Kazini."

"Si useme tu unamwekea jini. Tena jini angekuwa ameshafika."

Akacheka peke yake. Lakini kuanzia hapo naye alimkunjia uso kila aliyelinyemelea lile shuka.

Mchana kutwa Kimya alitazama watu, ndivyo alivyo. Aliwaona waliotaka kupenya kuja mbele. Waliobembeleza walizibiwa. Waliofoka walizomewa. Mmoja aliyesema anamfuata mtoto wake aliulizwa kama mtoto huyo ana ndevu. Aliyepita kila alipotaka alikuwa muuza chai peke yake. Alibeba birika kubwa begani na kupaza sauti, "Moto! Moto huo!" na watu walimpisha hata kabla ya kugeuka kumtazama.

Jua lilikuwa bado kali mtangazaji alipopanda jukwaani. Bendi ya kutangulia gari lao limeharibika njiani, akasema. Kwa hiyo Radi Kavu wanapanda sasa hivi.

Uwanja ukalipuka kwa vifijo. Kimya akampigia shangazi simu, haikupokewa. Akapiga tena, wimbo wa kwanza ukiwa katikati.

"Shangazi, wameanza!"

"Wameanza na upi?"

"Wa shati."

Upande wa pili mvuke ulisikika ukipumua. "Nimebakiza mashuka mawili."

"Nikunyanyulie simu usikie?"

"Wee! Kwa kusikia nimesikia miaka yote. Shika nafasi." Akakata.

Ukapigwa wa leso, ukapigwa wa suruali, zikafuata mpya kadhaa zisizo na nguo. Watu walisukumana kama mawimbi. Mbavu za Kimya zilibanwa kwenye chuma, kiatu kimoja kikamchomoka, hakuinama kukitafuta. Msichana mmoja akaweka mguu kwenye shuka la shangazi.

"Samahani dada."

"Samahani," Kimya akamjibu, akamwondoa kwa nyonga.

Simu ikatetemeka mfukoni.

"Niko huku nyuma, kwenye mlingoti wa taa," shangazi akasema. "Hawanipishi. Nawaambia nina mtu mbele, wananicheka. Naona visogo tu, mwanangu." Sauti ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia, na Kimya hakuwahi kumsikia hivyo.

Kumfuata ni kuipoteza nafasi. Asipomfuata, shangazi atarudi nyumbani ameona visogo. Jukwaani Mrefu alikuwa anabadilisha gitaa. Uliobaki ulikuwa wa shuka.

"Shangazi, mkononi umeshika nini?"

"Sina kitu. Nina aproni tu, hata sikuivua."

"Ivue, uikunje kama umezungushia pasi ya moto. Ishike mbali na mwili. Halafu tembea kama unavyopita kati ya meza kazini."

"Nikisema nini?"

"Unachosema kila siku."

Kimya akageuza shingo. Kwanza hakuona kitu. Kisha akaisikia, ile sauti inayowarusha wakunjaji wote kule dobi: "Moto! Moto huo! Kaa kando, utaungua!" Watu wakapasuka huku na huku. Katikati yao akaja shangazi, aproni mikononi, uso umekunjamana kama mtu anayeungua kweli. Hakuna aliyemgusa. Akaja mpaka kwenye shuka lake, akalikanyaga, akashika chuma.

Fundi akachungulia. "Mama, moto wenyewe uko wapi?"

"Umepoa njiani, baba."

Fundi akamgeukia Kimya. "Ndiye jini?"

"Ndiye."

Gitaa likaanza. Shangazi akainua uso, macho kodo.

"Kumbe mfupi hivi!"

Hakuruka, hakupiga kelele. Mkono wake wa kulia ulienda na kurudi juu ya chuma cha uzio, taratibu, unanyoosha kama umeshika pasi. Mrefu akasogea mpaka ukingoni mwa jukwaa, vidole vikaonekana kimoja kimoja, cha shahada kimefungwa plasta. Mkono wa shangazi ukafika pindo la mwisho, mahali wimbo unapoishia siku zote. Wimbo haukuisha. Mrefu alifumba macho akaendelea, na mkono ukabaki hewani, haujui pa kwenda.

"Ameongeza," Kimya akamwambia sikioni.

"Naona," shangazi akasema. "Huu ni wa shuka na foronya." Mkono ukarudi kwenye chuma.

Kesho yake redio ya dobi ikaupiga. Shangazi akatandaza shuka. Wimbo na shuka vikaisha pamoja kama kawaida, mtangazaji akaanza matangazo ya biashara. Shangazi hakuiweka pasi chini. Alinyoosha mkono kuelekea meza ya pili.

"Lete foronya."

Kimya akampa. Akaipiga pasi polepole, akiimba kwa pua kile kipande ambacho redio haina.