Waliotafuta Wakakosa

Kaka yangu alinipa wiki tatu, na alinipa kwa sauti ile ile anayomtajia mteja bei ya mwisho. Zikiisha, alisema, duka la mtandaoni linafungwa, na mimi nirudi kaunta au nikatafute kazi kwingine. Nilikuwa nimeacha kazi ya bima, yenye kiti cha kuzunguka na likizo ya kulipwa, kwa ajili ya duka hilo. Kwa hiyo mtu asiniulize kwa nini siku zile nilikuwa mkali. Nilikuwa nimejifunga kibwebwe, na kila aliyenisogelea alikiona.

Sisi tunauza vipuri vya vyombo vya nyumbani: raba za sufuria za presha, visu vya blenda, swichi za pasi, kapasita za feni. Duka alilianzisha marehemu baba, akalijaza droo ndogo za mbao kutoka sakafuni hadi darini, elfu moja na mia mbili, kila moja na namba yake. Kwetu kitu hakina jina, kina namba. Mama mpaka leo, blenda ikivuja jikoni, anasema inataka mia nne na kumi. Tumekulia humo, na ukikulia ndani ya kitu unadhani dunia nzima iko hivyo.

Tovuti ilikuwa na miezi minane. Watu walikuwa wakiingia, hilo halikuwa na ubishi. Waliandika shida yao kwenye kisanduku cha kutafutia, kikawajibu "Hakuna kilichopatikana", wakaenda zao. Katika kila watu kumi, saba waliishia hapo. Kaka aliona huo ni ushahidi kwamba watu wa vipuri hawanunui mtandaoni. Mimi niliona kisanduku chenyewe ndicho kibovu, nikakata shauri kutafuta programu nyingine ya kutafutia kabla wiki zangu hazijaisha.

Shangazi alikuwa hataki hata kusikia. Ni dada wa baba, yuko kaunta mwaka wa thelathini na moja sasa, na katika muda wote huo sijamwona akisoma namba ya droo. Mkono unakwenda wenyewe. Alikuwa ameshajiaminisha kwamba mashine yetu imeletwa kumstaafisha. Kila nilipopita na kompyuta kwapani aliniuliza kama imeshajua kuchemsha chai, ili yeye aage kabisa. Siku moja nilimjibu apunguze maneno. Si jibu la kumpa shangazi, najua, na yeye alinikata jicho ambalo nililisikia hadi jioni.

Wauzaji wa programu walikuja wawili, siku moja, katika chumba cha juu ya duka tunamoweka maboksi ya feni. Wa kwanza tulimbatiza Manukato, kwa sababu harufu yake ilipanda ngazi kabla yake. Alikuwa ameshaingiza orodha yetu yote ya bidhaa kwenye programu yake ya majaribio, akatuambia tuandike chochote tunachotaka. Kaka akaandika 410. Raba ya blenda ikatokea kabla hajanyanyua kidole. Mimi nikaandika vali 20-B, namba ya kiwandani ya vali ya presha, nayo ikaja na picha yake. Tukaandika, tukaandika, haikukosa hata moja. Kaka alicheka, kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu tovuti ifunguliwe.

Wa pili alikuwa binti mwembamba mwenye miwani mikubwa, kompyuta yake kaibeba kwenye mfuko wa kitambaa. Tulimjaribu kwa namba zile zile, na programu yake ikatoa majibu yale yale, kwa uzito kidogo. Halafu akauliza kama tuna orodha ya yale ambayo watu waliyatafuta wakayakosa. Nikamwambia sisi bidhaa zetu tunazijua, ahsante. Akasukuma miwani juu, akasema hakuwa ameuliza habari za bidhaa. Alipoondoka nilimwambia kaka kwamba binti yule ana mdomo. Tukakubaliana kumchukua Manukato, mkataba wa mwaka mzima, tuutie saini Jumatatu.

Jumamosi duka lilifurika, nikashuka kumsaidia shangazi. Akaja mama mmoja, mtoto mgongoni, uso umemwiva kwa jua. Akasema anataka kile kidude cha juu ya sufuria kinachopiga mluzi. Shangazi hakuuliza kitu. Mkono ulikwenda nyuma ukafungua mia mbili thelathini na tatu, ukarudi na kidude. Yule mama alikigeuzageuza, akafurahi, kisha akasema neno ambalo wala hakunisemea mimi.

"Jana nilikitafuta kwenye tovuti yenu ikaniambia hamna. Nimepanda magari mawili kuja kuhakikisha tu."

Masikio yalinipata moto. Nilipanda ngazi mbio nikiwa bado nimeshika swichi ya pasi ya mteja mwingine, nikafungua programu ya Manukato, nikaandika vile vile alivyosema yule mama. Ilinipa vipuri vitatu vya feni na kimoja cha pasi. Nikaandika raba inayovuja chini ya blenda. Hakuna kilichopatikana. Nikakaa juu ya boksi. Hakuna mteja hata mmoja anayeijua mia nne na kumi. Tulikuwa tumejitungia mtihani wenyewe, tukaufanya wenyewe, tukajipa na alama zote, na karibu tungeulipia mwaka mzima.

Orodha aliyoiulizia yule binti ilikuwepo. Tovuti ilikuwa ikiiandika tangu siku ya kwanza, na mimi mwenye tovuti sikuwahi kuifungua. Niliichapa ikatoka kurasa kumi na tisa. Tulipofunga duka nikamfuata shangazi kaunta, nikamwomba radhi kwa lile jibu langu, nikamwomba aitazame tu, basi. Alifuta miwani kwa upindo wa mtandio bila haraka, ili nisubiri, nami nikasubiri.

Akaanza. Huyu anataka mia tatu na tano. Huyu ni wa pasi, sitini na nne. Huyu hajui anachotaka, ila anataka kumi na nane. Alikwenda hivyo mstari kwa mstari, kalamu yangu ikimkimbiza, na hakukuwa na mstari alioukodolea macho zaidi ya pumzi mbili. Ukurasa wa nne hakuumaliza. Akafunua wa tano, wa sita, mpaka wa mwisho, bila kusoma.

"Hawa wote walikuja?"

Nikamwambia ndiyo, wote.

"Na hakuna aliyewaitikia."

Aliyasema kwa upole, na upole wa shangazi unauma kuliko ukali wake. Machozi yalinitoka, sifichi. Nilimwonea huruma yule mama wa magari mawili, na nilijionea aibu mimi niliyeshinda juu miezi minane nikibadilisha rangi za vitufe. Shangazi hakunibembeleza. Aliniambia nilete kalamu inayoandika, hiyo yangu inakwaruza.

Jumapili tulimaliza kurasa zote kwenye meza ya sebuleni kwake. Njiani kurudi nikampigia simu Binti wa Miwani. Nilimwambia nilimjibu vibaya na kwamba orodha aliyoiuliza ninayo. Alicheka kidogo, akasema atakuja.

Jumatatu Manukato alikuwa ameshautandaza mkataba, kaka ameshaifungua kalamu. Nikaingia na Binti wa Miwani, nikamwambia kaka asubiri. Akanikumbusha kwamba wiki zangu zinakwenda. Nikasema ziende. Nilichagua mistari hamsini kutoka kwenye orodha mbele ya macho yao, tukaijaribu kwenye programu zote mbili, neno kwa neno kama wateja walivyoandika. Ya Manukato ilipata tisa. Ya Binti wa Miwani ilipata kumi na nne. Kaka akaweka kalamu chini, akasema basi zote zimeanguka, na kazi yangu yote imeleta habari hiyo tu.

Lakini nilikuwa na swali moja ambalo nilipaswa kuliuliza tangu siku ya kwanza. Niliwauliza, ikikosa, nani anaifundisha? Manukato alieleza vizuri: tunaandika maombi, ofisi yao inayapokea, inayafanyia kazi ndani ya siku kumi. Binti wa Miwani hakueleza. Aliigeuza kompyuta itutazame.

"Anafundisha yule anayejua. Nani hapa anajua?"

Sote tukageuka mlangoni. Shangazi nilikuwa nimempandisha kwa kumvuta mkono, na alikuwa amesimama pale amekunja mikono, sura ya mtu anayesubiri kuambiwa arudi chini. Hakuambiwa. Binti alisimama akampisha kiti.

Shangazi aliandika kwa kidole kimoja, akinong'ona kila herufi: kidude kinachopiga mluzi. Akaonyeshwa pa kuchagua, akachagua mia mbili thelathini na tatu. Akaandika upya, kikaja. Akaandika mara ya tatu, kuhakikisha kwamba haimfanyii mzaha. Kisha akavuta ile orodha, akatuambia tusimsimamie kichwani. Chai ililetwa ikapoa. Alasiri tulirudia ile mistari hamsini, ikapatikana arobaini na mitatu. Manukato, ambaye muungwana alikuwa muungwana, alikunja karatasi zake akasema kwao hakuna mtu wa kukaa akafundisha hivyo. Kaka akatia saini kwa binti, mwezi mmoja tu, shingo upande, na akasema siku yake ya mwisho iko pale pale.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Kila asubuhi, kabla mlango wa chuma haujafunguliwa, shangazi alipanda na glasi yake ya chai, akasoma waliokosa jana. Alikuwa akiwasema kama watu waliosimama nje: huyu maskini, huyu naye mbishi, huyu ni mwanamume anayeogopa kumwambia mkewe kwamba kavunja. Arobaini wakawa ishirini na wawili, siku moja wakapanda tena thelathini, wakashuka. Oda zilianza kuja, si mvua, manyunyu. Na manyunyu, nikimjua kaka yangu, yasingemtosha.

Siku ya mwisho ilipofika niliamka nimejiandaa kupigana. Nilikuwa na hesabu zangu, nilikuwa na hotuba, na nilikuwa na majibu makali matatu kwa ajili ya kila neno lake moja. Kaka alipanda saa mbili na nusu na karatasi mkononi. Niliisoma kichwa chini: ni barua ya kuwaambia wenye kuhifadhi tovuti waifunge. Ilikuwa imeshaandikwa, bado saini.

Hakunitazama mimi. Alimuuliza shangazi jana wamekosa wangapi.

"Watatu," shangazi akasema. "Wawili nimeshawapata. Huyu wa tatu ananishinda. Hebu msome, na wewe umekulia humu."

Kaka aliweka barua mezani ili ashike karatasi ya shangazi. Alisoma kimya, midomo ikicheza: kile cha feni kinachoifanya isigeuze kichwa inakodoa upande mmoja tu. Alisoma tena. Mimi hotuba yangu nilikuwa nayo tayari, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu nikaiacha.

"Mia tisa na mbili," kaka alisema taratibu. "Baba alikuwa akinituma hiyo."

"Basi iandike. Mtu anangoja."

Shangazi alisogea kumpisha, na glasi yake ya chai, kwa kukosa pa kuiweka, akaiweka juu ya ile barua. Kaka alivuta kiti akakaa, akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Alipomaliza aliandika upya, kuhakikisha. Kisha akauliza hii orodha ya kesho inatoka saa ngapi.