Swichi Iliyopimwa Juani

Saa nane mchana, jua likiwaka, swichi kubwa inayokata umeme shoti ikitokea ilikata kwa milisekunde hamsini. Mwisho unaoruhusiwa ni sitini.

"Imefaulu, tia sahihi," akasema bosi.

Nikakataa katakata. Chuma kilikuwa cha moto na chaja ilikuwa inaijaza nguvu betri inayoiendesha swichi. Kwa hali hiyo hata mgonjwa angekimbia. Nikapiga hesabu ya baridi na betri dhaifu, nikapata sitini na nane.

"Hizo ni hesabu za karatasi," akacheka.

Kesho yake alfajiri nikamburuta kituoni, nikazima chaja, nikapima mbele yake. Sitini na tisa!

"Baridi tu hiyo, dada," akasema akitetemeka. "Jua likitoka itakaa sawa."

"Na shoti ikitokea sasa hivi, bosi, tuiambie isubiri jua?"