Picha Isiyokwama

Fundi cherehani alikuwa na filamu ya harusi yake kwenye flashi, na kila akiiweka kwenye runinga ya zamani ilikwama palepale: baba yake anasimama, anashika kipaza sauti, picha inaganda. Baba alikwisha kufariki. Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na siku ile ya harusi ndiyo pekee aliyokubali kuhutubia watu.

"Twende dukani," alisema wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mwalimu wa chuo. "Umechoka kukodolea macho vivuli."

Dukani, muuzaji alikimbilia runinga kubwa kuliko zote. Wifi akamkata kauli.

"Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Filamu yetu ni ya 4K, ya picha kali kabisa, ni nzito. Kisanduku gani cha kuunga kwenye runinga kitaicheza bila kukwama?"

"Hiki cha rahisi kitapaliwa, mama. Hiki kingine kina chipu yake ya kufungua video. Na waya mchukue huu mpya, wa zamani haupitishi picha yote. Mkitaka filamu za mtandaoni, vuteni waya wa intaneti mpaka kwenye runinga. Waifai si ya kutegemea."

"Unasikia?" wifi akamgeukia fundi. "Wifi si wa kutegemea."

Wakacheka wote watatu. Muuzaji akawajaribishia video ya ndege, kila unyoya ukaonekana.

"Hapo sawa," alisema wifi. "Nataka hata nywele ya sikio ionekane."

Jumapili, runinga mpya na kisanduku chake vikiwa vimefungwa, walikusanyika sebuleni: mama mkwe, wifi, na mume, ambaye ni makanika. Filamu ilikwenda kama imepakwa mafuta. Baba akasimama. "Mwa... mwa... mwanangu," akaanza, na fundi akalia kwa furaha.

Kisha macho yake yakapita juu ya bega la baba. Meza kuu, iliyokuwa doa jeusi miaka yote, sasa ilikuwa wazi kama kioo. Wifi alikuwa ameupinda mdomo na kutoa macho, taya likiruka kwa kila neno la baba. Mama mkwe alijiziba mdomo kwa mtandio, akitetemeka. Bwana harusi alikuwa ameinamia sahani, mabega yakimcheza kwa kicheko. Na pembeni yake bibi harusi, akimtazama baba yake, akitabasamu.

Sebuleni, wifi ndiye aliyeanza kucheka.

"Jamani, mimi na vituko vyangu. Hebu rudisha nyuma kidogo."

Rimoti ilikuwa kwa mume. Akarudisha. Na alicheka, kidogo, kama mtu anayejaribu kukimeza kicheko.

"Usinune, mwanangu," alisema mama mkwe. "Utani tu ule."

"Sijanuna, mama. Picha ni nzuri sana."

Miezi ikapita. Mfamasia mmoja, aliyefiwa na mke, akatuma ndugu zake kumposa wifi. Walipokelewa nyumbani kwa fundi, kwa kuwa ndipo penye nafasi. Fundi alipika, akapakua, akanawisha wageni mikono. Mazungumzo yalipolegea, akachukua rimoti.

"Ngoja niwaonyeshe wifi yangu harusini kwetu."

Wifi akaweka mtandio sawa, amefurahi. Fundi akapeleka filamu mpaka kwenye hotuba, akaiacha iende, kisha akaisimamisha. Uso uliopinda ukabaki pale, meno na ulimi.

"Anayeongea ni baba yangu, Mungu amrehemu. Alikuwa na kigugumizi. Na yule nyuma yake ndiye mnayemposa."

Shangazi wa mfamasia alitazama picha, akamtazama wifi.

"Asanteni kwa chakula," alisema, akasimama.

Hawakurudi. Mfamasia alioa kwingine.

"Umemmaliza dada yangu," alisema mume.

"Nimesimamisha picha tu."

Tangu hapo wifi na mama mkwe hawakukanyaga nyumba ile, na mume akahamia kulala chumba cha wageni. Fundi alishona mbele ya runinga, filamu ikienda. Siku moja mteja aliyekuja kupima gauni alimtazama mzee mwenye kipaza sauti.

"Anasema nini huyu mzee?"

Fundi alikunjua futi yake ya kupimia. Miezi yote ile macho yake hayakutoka kwenye meza ya nyuma. Alijua kila mruko wa taya la wifi.

"Sijamsikiliza," alisema. "Inua mkono nipime kwapa."